Samaki Wanapigana Tangini: Kagua Nyumba Kabla ya Kumtoa Mkorofi

Simu ninazopigiwa kuhusu samaki wa mapambo huwa na swali moja: "Kaka, nimtoe yupi?" Mimi naomba nitumiwe picha ya tangi zima, samaki nitawaona baadaye. Picha ikija, mara nyingi nakuta kioo kitupu, kokoto za bluu sakafuni, sanamu ya mzamiaji anayetoa mapovu, na samaki saba au wanane wanatazamana. Hakuna jiwe wala kona ya kujibanza. Ni kama umepangisha familia nane chumba kimoja kisicho na pazia, halafu unauliza nani mgomvi.

Wengi ninaoitiwa kwenda kuwaona ni siklidi (ukoo wa samaki wa akina perege) wa maziwa yetu: mbuna wa Ziwa Nyasa, ambalo wafugaji wa nje hulijua kwa jina la Malawi, na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika. Mbuna ni neno la Kitonga cha mwambao wa Nyasa, maana yake samaki wa mawe, na jina hilo limebeba nusu ya dawa ya ugomvi wao. Kule ziwani dume hushika ufa wa mwamba na kulinda mwani unaoota juu yake. Mwenzake akisogea hufukuzwa, hukimbia mita kadhaa, kesi imekwisha. Tangini anakimbia sentimita 80, anagonga kioo, anageuka na kukutana na yuleyule. Machoni pa mwenye ufa, huyo ni mtu aliyeambiwa aondoke akakaidi. Basi anapigwa tena.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, vuta kiti, kaa mbele ya tangi dakika 20, na usiwape chakula. Angalia mambo mawili tu: fukuza inaanzia wapi, na inakoma wapi. Ikikoma kwenye mstari fulani, mfano dume anageuka kila akifika kwenye bomba la filta, huyo ana mpaka wake na tatizo ni ramani. Ikiwa anamfuata samaki mmoja tangi zima, juu na chini, tatizo ni baina ya hao wawili. Na ukiona hakuna anayefukuza lakini kila mmoja ana wasiwasi, anza na maji.

Wote wamebadilika ndani ya siku moja, tena wanahema

Tangi lililotulia miezi minne haliwi na wahuni ghafla. Wakianza kushtuana wote, matamvua yakapepea haraka, baadhi wakaning'inia juu karibu na uso wa maji, weka kando habari za mipaka.

Mshukiwa wa kwanza Dar ni joto. Kati ya Desemba na Machi tangi la sebuleni lisilopata upepo linaweza kufika nyuzi 30 au 31, wakati siklidi hawa wanastarehe kwenye 24 hadi 27. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba miligramu 8 na ushee za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanabaki na uwezo wa miligramu 7.5 hivi. Oksijeni imepungua huku mwili wa samaki ukidai zaidi. Mtu mwenye njaa na jasho kwenye daladala iliyojaa hahitaji sababu kubwa ya kugombana. Funua mfuniko, weka wavu juu ili wasiruke nje, na elekeza feni ndogo kwenye uso wa maji. Mvuke unaotoka hushusha nyuzi mbili au tatu. Geuza na mdomo wa filta utikise uso wa maji. Usitumbukize barafu, joto linashuka upande mmoja na kupanda tena, na samaki anateseka mara mbili.

Mshukiwa wa pili ni amonia, hasa kwa tangi lenye chini ya wiki sita. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanachukua wiki nne hadi sita kuzoea makazi mapya ndani ya filta. Kabla ya hapo samaki anaogelea kwenye mkojo wake mwenyewe. Matamvua yanakuwa mekundu, anajikuna kwenye mawe, anakuwa na hasira. Hapa nyongeza moja: amonia huwa na sumu kali zaidi pH (kipimo cha uchachu wa maji: ikipanda, uchachu umepungua) inapopanda, na maji yanayowafaa siklidi wa Nyasa na Tanganyika ni ya pH ya juu. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini (yenye madini machache) angekivumilia, kwa hawa ni balaa. Badilisha robo hadi theluthi ya maji leo, rudia kesho kutwa, punguza chakula.

Na mshukiwa wa tatu unamjua: umeme ukikatika saa nyingi. Filta iliyosimama hukosa hewa ndani, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi inamwaga uchafu wote kwenye tangi. Kabla ya kuiwasha, ifungue, suuza sponji kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Ukisuuza kwa maji ya bomba, klorini inamaliza bakteria waliosalia.

Kuhusu maji ya kubadilishia: usichote kwenye simtanki la juu ya paa saa tisa mchana. Nimewahi kuweka mkono, ni ya kuogea mtoto mchanga. Chota alfajiri, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, weka jioni. Kama unatumia kisima na unakaa karibu na bahari, onja kwanza. Visima vingi vya ukanda huo vina chumvi, na ugumu wa maji ni kitu kimoja, chumvi ya bahari ni kingine.

Dume mmoja ameshika tangi zima, wengine wamebanana kona ya juu

Hii ndiyo kesi ninayoiona kuliko zote. Dalili yake haina utata: samaki mmoja anayeng'aa rangi anazunguka katikati kama mwenye nyumba, na wengine watano wamejipanga nyuma ya filta, rangi zimefifia, mapezi yamebana mwilini. Wakishuka kula wanapigwa.

Mama mmoja wa Mbezi aliniita kwa kesi ya namna hiyo. Nimefika, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, njoo umwone huyu jambazi wangu." Tangi lilikuwa zuri, sentimita 120 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 10, fundi aliyeliunganisha anajua kazi. Ndani kulikuwa na rundo moja la mawe, katikati kabisa, limejengwa kama mnara. Jambazi, dume la mbuna la bluu, alikuwa amekaa kileleni. Kutoka pale anaona pembe zote nne. Nikamwambia mama, huyu hana kosa, umemjengea kituo cha polisi.

Rundo moja katikati lina mwenyewe mmoja. Tulilivunja tukatengeneza matatu: moja kubwa kushoto, moja kulia lililorudi nyuma, na dogo mbele karibu na katikati ili likate mstari wa macho. Kipimo ninachotumia ni hiki: chuchumaa, jicho lako liwe usawa wa kati ya tangi, chungulia kutoka ubavu mmoja. Ukiuona ubavu wa pili, samaki naye anauona. Endelea kupanga mpaka usiuone. Mawe yapande hadi sentimita 10 hivi chini ya uso wa maji, kwa sababu kuta fupi zinaficha wa chini tu, na wanaofukuzwa hukimbilia juu.

Mapango yawe mengi kuliko samaki, na kila moja liwe na milango miwili. Pango la mlango mmoja ni mtego. Anayefukuzwa akiingia, mwenye nguvu anasimama mlangoni na kumng'oa mapezi taratibu. Ukubwa wa matundu nao utofautiane. Yawepo ambayo mdogo anapenya na bosi hapenyi.

Mawe gani? Siklidi hawa wanataka maji magumu yenye pH ya 7.8 na kuendelea. Maji ya Ziwa Tanganyika hufika karibu 9. Hapa Dar tuna bahati, kwa sababu mawe ya chokaa ya upande wa Wazo na Kunduchi ndiyo hasa yanayofaa. Dondosha siki au kamulia ndimu juu ya jiwe: likitoa vipovu, ni chokaa, litapandisha pH na kuishikilia hapo. Lisipotoa kitu pia si baya, ni pambo na ukuta tu. Lililo na mistari ya kutu au linalong'aa kama chuma liache. Matumbawe hai ya baharini nayo yaache huko yaliko, si halali kuyang'oa na yakifia tangini yananuka kama soko la samaki la Feri.

Sasa kosa linaloleta msiba: watu wanamwaga mchanga kwanza, halafu wanapanga mawe juu yake. Mbuna wanachimba. Usiku mmoja wanafukua chini ya jiwe la msingi na rundo linaporomoka, likikosa samaki linapata kioo. Mawe ya chini yakae kwenye kioo chenyewe, ukitanguliza kipande cha karatasi ngumu ya plastiki au sponji nyembamba, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Mchanga wa mto ulioshwa mpaka maji yatoke meupe unatosha, sentimita tatu au nne. Wa pwani una chumvi na vipande vya kombe. Ukiutumia, uoshe kwa siku kadhaa.

Huna mawe ya kutosha? Mabomba ya plastiki ya inchi mbili, yakatwe vipande vya sentimita 15, yafichwe nyuma ya mawe. Hayapendezi lakini samaki hana shida na urembo. Vyungu vidogo vilivyovunjika mdomo ni vizuri sana. Na vifuu vya nazi: kwangua nyama yote, chemsha mara mbili, toboa matundu mawili, funika kifudifudi. Vitageuza maji rangi ya chai kidogo na vitaoza baada ya miezi, vibadilishe. Kwa samaki wa maji laini kama beta na guramu ni nyumba bora. Kwa wa Nyasa naviweka vichache tu nikiwa na chokaa ya kutosha.

Kwa mama wa Mbezi tulimaliza jioni. Siku ya tatu akanitumia video. Jambazi ameshika rundo la kushoto. La kulia limeshikwa na dume la njano ambalo mama hakujua kama ni dume, maana lilikuwa limepauka wiki zote hizo. Wanakutana katikati, wanatanua mapezi, wanatetemeshana mwili, kila mmoja anarudi kwake. Hilo ndilo unalolitaka. Ukali hauishi, na asikudanganye mtu kwamba mbuna watakaa kama kuku wa banda moja. Unachotafuta ni ugomvi unaoishia kwenye maonyesho.

Uzito usiusahau. Tangi la vipimo vile lina lita 243 likiwa tupu la mawe. Weka mawe, mchanga na kioo chenyewe, unapita kilo 300. Meza ya chuma iliyochomelewa, sakafu iliyonyooka. Kabati la televisheni halihusiki hapa.

Mpango wa "wajaze wengi ili wasipate wa kumwonea"

Utausikia. Wafugaji wa mbuna wanaupenda: samaki wakiwa wengi, bosi hawezi kumlenga mmoja, kipigo kinagawanyika. Unafanya kazi kweli. Lakini unafanya kazi kwa filta mbili zenye nguvu na maji yanayobadilishwa kila wiki bila kukosa. Kwa Dar, nauona ni kamari. Umeme ukikatika saa sita usiku kwenye tangi lililojaa, asubuhi unaokota. Kama huna pampu ya hewa ya betri au inveta, chagua samaki wachache na mawe mengi.

Anayeonewa ni jike mmoja tu

Hesabu madume na majike. Dume mmoja na jike mmoja ni adhabu kwa jike, kwa sababu akili yote ya dume iko kwake mchana kutwa. Mbuna wanataka dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Ukiwa na madume wengi kuliko majike, hata mawe ya Wazo yote hayatakusaidia, ondoa madume.

Muangalie jike vizuri kabla hujasema anaumwa. Kidevu kimeshuka na kuvimba, mdomo haufungi vizuri, chakula kikija anakitazama tu? Amebeba mayai. Majike wa mbuna hulea mdomoni kwa takriban wiki tatu na kipindi hicho karibu hawali. Anahitaji ufa mwembamba wa kujificha, na ukiwa na tangi la pili dogo mhamishe taa zikiwa zimezimwa, kwa chombo chenye maji kuliko kwa wavu, vinginevyo anashtuka na kutema mayai.

Anayepigwa anafanana na anayepiga

Hapa nina kovu. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 54, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Nikaenda dukani kununua samaki wa njano. Muuzaji akaninasia sita kutoka karai moja: wanne wa njano tupu, wawili wa njano wenye mistari myeusi. "Wote ndugu hao," akasema. Nikaamini, walikuwa na sentimita tatu, wanapendeza.

Wale wanne walikuwa Labidochromis caeruleus, wapole kwa kipimo cha mbuna. Wale wenye mistari walikuwa Melanochromis auratus. Wadogo wa auratus, dume kwa jike, wote ni wa njano. Mwezi wa tatu mmoja akaanza kuwa na madoa ya moshi tumboni. Baada ya siku chache akawa mweusi mwili mzima na mstari mweupe ubavuni, dume kamili. Nikadhani ni ugonjwa, nikawa natafuta dawa. Wakati natafuta dawa yeye alikuwa kazini. Kila asubuhi nilikuta mkia umepungua kwa mmoja wa wale wa njano, kama karatasi iliyotafunwa na panya. Ndani ya wiki mbili wamebaki wawili, yeye na mwenzake wa mistari, na mwenzake alikuwa amejibanza nyuma ya kipimajoto, kapauka.

Auratus ni miongoni mwa mbuna wakali kabisa na lita 54 si nyumba yake, hata ungeipanga vipi. Hilo ndilo jambo ambalo ramani nzuri haiwezi kulitatua: jamii ya samaki na ukubwa wa tangi visipopatana, unapanga mawe kwenye chumba cha mahabusu. Kwa mbuna nisingeanza chini ya lita 200.

Jambo la pili ni rangi. Dume hamchukii kila mtu sawasawa; anamchukia anayeweza kumchukulia majike, na huyo anamtambua kwa sura. Wa bluu mwenye mistari atamwandama wa bluu mwenye mistari hata kama ni jamii tofauti, na kumwacha wa njano apite. Kwa hiyo unapochanganya, tofautisha rangi na mistari. Ukimtaka demasoni, yule mdogo wa bluu na weusi anayepatikana upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, chukua kundi la 12 au zaidi, au usichukue kabisa. Watatu watabaki mmoja.

Mgeni ameingia leo, anauawa leo

Kila ufa una mwenyewe na yeye hana hati. Kabla ya kumweka, toa mawe na uyapange upya, wote wawe wageni usiku huo. Lisha wenyeji, zima taa, ndipo umwachie. Weka watatu au wanne kwa mkupuo kuliko mmoja mmoja. Ukiona wenyeji ni wabishi, mweke kwanza siku tatu nne ndani ya kopo la plastiki linaloona, lililotobolewa matundu mengi, likielea humohumo. Watamzoea bila kumgusa.

Mapezi yanachanwa lakini humuoni anayefukuza

Kama una tiger barb, samaki mdogo mwenye mistari myeusi, umempata. Hawa hawalindi eneo, wanadonoa kwa mchezo, na wakiwa wawili au watatu mchezo wote unahamia kwa wengine. Wawe nane na kuendelea wadonoane wenyewe, na wasikae na samaki mwenye mapezi marefu, iwe beta au malaika.

Beta, yule wa asili ya Thailand anayeuzwa kwenye chupa, akitanua mashavu na kupiga kioo usiku kucha anapigana na kivuli chake. Kijana mmoja wa saluni alikuwa ameweka tangi lake kati ya vioo viwili vya kunyolea. Maskini samaki alikuwa na maadui pande zote mpaka mwisho wa upeo. Tulibandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni, akalala. Taa ya ndani ikiwaka na chumba kikiwa giza, kioo chochote kinageuka kioo cha kujitazamia, kwa hiyo zima taa ya tangi kabla ya ya sebuleni. Jioni saa mbili inatosha. Saa nane hadi kumi za mwanga kwa siku, si zaidi.

Walikuwa na amani mwaka mzima, sasa wawili wamefukuza wote

Chungulia nyuma ya mawe kwa tochi. Utaona vitoto. Hii ni tabia ya siklidi wa Tanganyika wanaotaga kwenye mapango, na bingwa wao ni Neolamprologus brichardi. Wale ni watu wa ukoo: watoto wa uzao wa kwanza hubaki nyumbani kusaidia kulinda wadogo zao, na kila uzao unapanua mpaka. Tangi la mita moja linakuwa lao lote. Hakuna mpangilio utakaowashinda. Ama uwaachie tangi, na ni burudani kubwa kuwatazama, ama uwahamishe wazazi.

Ukitaka Tanganyika kwenye tangi dogo bila vita hivyo, chukua multifasciatus, samaki wa sentimita nne hivi wanaoishi ndani ya kombe tupu za konokono. Mchanga wa sentimita tano, kombe tatu kwa kila samaki, basi. Watachimba, watasogeza kombe, watagombana kwa sentimita mbili za mchanga siku nzima, na hakuna atakayeumia.

Wanapigana wakati wa kula tu

Unamwaga chakula kona moja, na bosi anakaa juu yake. Lisha ncha mbili kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, mara mbili kwa siku. Mbuna wengi ni wala mwani. Wape mchicha uliochovywa maji ya moto, ubanwe kwenye jiwe upande wa kushoto na mwingine kulia, wakwangue mchana kutwa. Mdomo ulio kazini haupigi mtu. Unga wa dagaa wa kila siku, ambao watu wengi hutumia kwa sababu ni rahisi, siupendekezi kwao: tumbo linavimba, na Tropheus, siklidi mla mwani wa Tanganyika, hufa kwa hilo.

Umefanya yote na bado anaua

Mtoe bosi, usimtoe anayeonewa. Ukimtoa mnyonge, kesho bosi anachagua mwingine. Mweke bosi tangi jingine wiki mbili, upange mawe upya, wengine wagawane nyumba, kisha umrudishe taa zikiwa zimezimwa. Atarudi kama mgeni, na mara nyingi cheo kimeshachukuliwa. Kama hakushika adabu, kata tangi kwa plastiki ngumu yenye matundu, au mrudishe dukani, au mpe mwenye tangi kubwa. Usimmwage mtoni wala bwawani.

Auratus wangu hakuna aliyemtaka. Nilimtoa yule jike aliyepona nikamgawa, yeye akabaki peke yake kwenye lita zake 54, na mawe yote, na vyungu vyote. Nikikaribia na mchicha anakuja mbele ya kioo, anatanua mapezi, ananitishia.